Tepu Inayoanzia Kumi

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Kulikucha na mawingu yaliyoshuka hadi karibu na mapaa, na manyunyu membamba yasiyotaka kuwa mvua wala kukoma. Dobi, mama wa watoto watatu, alisimama dirishani, kichanga chake begani, akaomba mvua imwagike yote, ya kutosha kufunga mageti ya bustani ya michezo. Kisha akaona haya kwa ombi lile.

"Mungu wangu," alinong'ona, "kama haifungwi, basi nipe mdomo."

Alikuwa na neno la kumwambia bintiye wa miaka mitano, na alikuwa amelikalia kwa miezi minane.

Binti huyo walimwita Kijiti, kwa wembamba wake. Aliyempa jina hilo ni baba yake, mume wa Dobi, fundi seremala. Miezi minane nyuma fundi aliteleza kwenye kenchi za nyumba aliyokuwa akiezeka, akaanguka, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi mitano. Siku ya mazishi Kijiti na mdogo wake walifichwa nyumbani kwa shangazi yao, na waliporudi mama yao alijisikia akisema, "Baba amekwenda kujenga mbali." Watu wazima wote wakaitikia. Ilikuwa nyepesi kuliko kulia.

Kijiti alilipokea neno hilo akalifanyia hesabu zake. Baba alikuwa amemwahidi kwamba siku atakayofika mita moja na kumi, watapanda gurudumu kubwa la kule bustanini, lile linalonyanyua watu angani, na kutoka juu ataona kila paa aliloezeka. Tena aliahidi kwa desturi yake mwenyewe, kiganja juu ya ubao, kwa sauti, mbele ya watu. Fundi huyo mteja akitaka meza Ijumaa, aliwaita kwanza majirani wasikie, ndipo aseme, "Ijumaa." Mafundi wenzake walimcheka sana, lakini meza zilitoka Ijumaa.

Basi kama baba anajenga mbali, si ataonekana kutoka juu?

Kila wiki Kijiti alisimama kwenye fremu ya mlango apimwe. Mama yake alimpima kwa tepu ya fundi, ile ya chuma yenye mikwaruzo ya msumeno, akiikita ncha yake sakafuni na kusoma namba iliyofika utosini. Jumatatu ya wiki ile ilisoma mita moja na kumi na moja. Mtoto alipiga kelele mpaka jirani akaja mbio na fimbo, akidhani kuna nyoka.

Wifi yake Dobi, dada wa marehemu, hakucheka.

"Wifi, unampandisha mtoto juu akamtafute marehemu? Utamwonyesha nini, mawingu?"

"Nitamwambia hukohuko juu. Tukiwa wawili tu. Wewe utanishikia hawa wengine chini."

"Utamwambia kweli?"

"Nitamwambia."

"Maana akianza shule, wenzake watamwambia, tena kwa kumzomea. Nisikilize. Tukirudi nyumbani hujasema, nitasema mimi. Na unanijua, mdomo wangu hauna breki."

Ndivyo walivyojikuta bustanini asubuhi ile, watu wazima wawili na watoto watatu, na kigari cha kichanga ambacho gurudumu lake moja lilikataa kuzunguka. Farasi wa plastiki walikuwa wakitiririsha maji mkiani. Muziki ulitoka kwenye spika moja iliyokoroma. Dobi alimbadilisha kichanga nepi kwenye benchi lenye nusu tu ya ukavu, kisha akamnyonyesha ndani ya kikombe kikubwa cha kuzunguka, ambacho siku hiyo hakikuzunguka kwa sababu ya utelezi. Mtoto wa kati, wa miaka miwili, ambaye shangazi yake alimwita Bwana Mkubwa, alikataa treni, akakataa farasi, akaingia kwenye dimbwi na viatu vyake.

"Bwana Mkubwa," shangazi alimwambia, "tumekuja mbali kote huku ukanyage dimbwi? Dimbwi si lipo mlangoni kwetu!"

Hata Dobi alicheka, kicheko kifupi kilichokauka upesi.

Kijiti hakutazama chochote. Tepu ya baba ilikuwa mfukoni mwa koti lake, imeuvuta upande mmoja mpaka karibu na goti. "Gurudumu," alisema. "Twende kabla baba hajamaliza kazi akaondoka."

Wifi akamtazama Dobi. Dobi akatazama pembeni.

Kwenye foleni ya gurudumu kulikuwa na nguzo ya mbao iliyochorwa twiga, na shingoni mwake mstari mwekundu wa mita moja na kumi. Pembeni yake alisimama mwanamke mwenye koti la mvua la njano, akipima watoto mmoja mmoja. Dobi alimpa wifi yake kichanga. Alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Mlango wa kibanda cha gurudumu ukishafungwa, wakishanyanyuka, atamweka mtoto magotini aanze.

"Simama hapa, mrembo," alisema mwanamke wa koti la njano. Alimnyoosha Kijiti mgongo, akaweka kiganja utosini mwake. Kiganja kiligusa nguzo chini ya mstari, chini sana. "Bado, mama. Huyu ni mita moja tu. Umlete baada ya mwaka mmoja na nusu hivi."

"Anti, kipimo chako kibovu," alisema Kijiti.

Watu wa foleni wakacheka. Kijiti hakujali. Alichomoa tepu mfukoni akamkabidhi. "Pima na hii. Hii ya baba. Baba ni fundi."

Yule mwanamke, kwa upole, aliikita tepu chini na kuivuta hadi utosini. Akakunja uso. Akaigeuza, akaitazama ncha yake, kisha akamwonyesha Dobi kwa kidole.

"Mama, tepu hii imekatwa. Inaanzia kumi."

Dobi aliinama. Kweli, ile ndoano ya mwanzo haikuwapo, na namba ya kwanza ilikuwa kumi. Alikuwa ameishika mara ngapi? Akamkumbuka mumewe karakanani, akipima mbao, midomo ikimchezacheza kila baada ya kipimo. Miaka yote ile alidhani anasali kidogo. Kumbe alikuwa akitoa kumi.

"Msumeno uliipitia," alisema wifi nyuma yake, sauti ikiwa imeshuka. "Tulimwambia nunua nyingine. Akasema, hizo kumi nitazikumbuka."

Kijiti aliwatazama wote. Hakulia.

"Basi baba ni mwongo," alisema. "Tepu yake inadanganya na yeye anadanganya. Alisema nikifika nitaona."

Hapo ndipo Dobi alipopiga magoti kwenye lami iliyolowa. Maneno aliyoyapanga kwa ajili ya kule juu yalikuwa yamekwisha. Yalibaki mengine.

"Baba hakukudanganya hata siku moja. Yeye alijua kutoa kumi. Mimi sikujua. Aliyekudanganya ni mimi, Kijiti. Baba hajaenda kujenga mbali. Alianguka kutoka juu ya nyumba. Amekufa."

Gurudumu lilikuwa likiguna huko juu.

"Alianguka lini?"

"Kabla huyu mdogo wako mchanga hajazaliwa."

"Kwa hiyo hajamwona?"

"Hajamwona."

Kijiti alimgeukia shangazi yake. "Na wewe ulisema mbali."

Yule aliyejisifu kwa mdomo usio na breki alitafuta neno, akakosa. "Nilisema, mwanangu," akajibu mwishowe. "Nilikosea."

Mtoto alichukua tepu yake kutoka kwa yule mwanamke, akairudisha ndani ya ganda lake, polepole, mpaka ikalia. "Sasa yuko wapi?"

"Nitakupeleka," Dobi alinong'ona. "Kesho."

"Na hilo nalo ni la uongo?"

Dobi aliomba moyoni, bila maneno, kama mtu anayenyoosha mkono gizani.

"Sema kama baba," alisema Kijiti.

Dobi akasimama. Akaweka kiganja kwenye nguzo ya twiga, mbao zikiwa baridi na zimelowa. "Naahidi..." alianza.

"Wa nyuma hawasikii."

Kweli walikuwa wengi wale wa nyuma, wamevaa mifuko ya plastiki vichwani, wamewabeba watoto wao, wanangoja. Mwanamke wa koti la njano alikuwa ameshafunga kamba ya foleni bila kuambiwa na mtu. Wifi alikuwa analia, kichanga kifuani, na Bwana Mkubwa ameng'ang'ania sketi yake. Dobi alivuta pumzi, akapaza sauti.

"Mimi mama yake, mbele ya shangazi yake na mbele yenu nyote, naahidi. Kesho asubuhi nitampeleka mwanangu mahali baba yake alipolala... alipozikwa. Na kuanzia leo, akiniuliza neno lolote la baba yake, nitamjibu kweli, hata nikiwa nalia."