Sura ya Saba ya Mpiga Pasi

Kijicho, jamani, hakina adabu. Ungedhani mtu mwenye riwaya tisa, ambaye picha yake imetundikwa maktaba, hana cha kumwonea wivu binti anayepiga pasi kwa dobi. Lakini Gwiji, kama watu walivyozoea kumwita, alikuwa anaungua ndani kwa ndani.

Binti alimjia mwaka uliopita na daftari kubwa, akaomba afundishwe kuandika. Gwiji alikubali upesi, maana binti alikuwa anaandika vibaya, na kumfundisha anayeandika vibaya ni raha tupu. Kila Jumamosi alimsahihishia, binti akaitikia "ndiyo, mzee", mambo yakaenda shwari. Kisha likaja daftari la mwisho, riwaya nzima, akaachiwa wiki moja aisome kabla haijapelekwa kwa mchapishaji.

Sura ya saba ndiyo iliyomtibua nyongo. Mjane anapiga pasi shati la kazini la marehemu mumewe kila alfajiri, analitundika mlangoni, jioni analilowesha tena. Basi. Hakuna kilio, hakuna mawaidha. Gwiji aliisoma mara tatu, akasonya mara tatu. Miaka thelathini anaandika, hajapata hata ukurasa mmoja wa namna hiyo. Na huyu wa juzijuzi, aliyekuwa akishindwa kumaliza aya, kaupata huku anasubiri makaa yashike!

Akafanya jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Aliketi kwenye taipureta yake akaichapa sura ile yote, ili tu vidole vyake vijue inavyokuwa. Alijidanganya kwamba anatafuta makosa. Makosa gani, bwana? Alipomaliza roho ilimuuma kuliko mwanzo.

Jumamosi binti alipokuja, Gwiji alizisifu sura zote za kawaida. Alipofika ya saba akakohoa kidogo, akasema hiyo inamlazimisha msomaji kulia, inakwamisha hadithi, bora iondolewe. Binti akalichukua daftari lake.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Wewe ndiye unayejua."

Akaenda zake, na Gwiji usiku ule akalala fofofo. Ndiyo, alilala!

Jumatatu asubuhi mkewe alikuwa akipanga meza, akaziona zile kurasa zilizochapwa. Mama huyu ndiye msomaji wake wa kwanza tangu waoane, na kwa miaka kumi sasa kila muswada alimrudishia na neno moja tu, "Unasomeka." Gwiji alimkuta amekaa ukingoni mwa kiti, macho yamelowa.

"Baba watoto," akasema, "kumbe ng'ombe hazeeki maini."

Gwiji angeweza kunyamaza. Na alinyamaza kweli, akaionja ile sifa, ikawa tamu, kisha ikawa chungu. Mkewe alikuwa anamtazama kama alivyomtazama zamani, kabla hajawa gwiji wa mtu yeyote, na mtazamo ule ulikuwa haki ya binti. Hata hilo alilionea wivu. Mwishowe akamwambia yote. Mkewe hakumgombeza, alimsogezea simu tu.

Binti alipokea akiwa kazini. Akaeleza kwamba daftari analipeleka saa kumi, siku ya mwisho ya kupokea miswada ni leo, na kwamba mzee asiwe na wasiwasi: kurasa za sura ya saba alizichana Jumamosi ileile, akazitumia kuwashia pasi ya mkaa. Gwiji akamuuliza kama ana nakala. Hakuwa nayo. Riwaya yote aliiandika kwa mkono, mara moja tu.

Gwiji akafumba macho. "Sura ile haikuwa na kosa," akasema. "Niliionea wivu. Ninayo hapa, niliichapa. Chukua kalamu nikusomee."

Upande wa pili ikasikika pasi ikiwekwa chini. Gwiji alisubiri matusi. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

"Soma," binti akasema. Hakusema mzee.

Akasoma polepole, binti akiandika. Alipofika katikati, pale shati linapotundikwa mlangoni kama mgeni asiye na wa kumkaribisha, binti akamkatiza.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Huyo mgeni si wangu. Mimi niliandika shati limetundikwa mlangoni, basi. Hayo mengine umeongeza wewe."

Gwiji akaitazama karatasi. Kweli tupu. Vidole vyake vilijiongezea bila kumuuliza, na aibu zaidi, hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyasoma kwa madaha kuliko yote.

"Yafute," binti akasema, "kisha uendelee."

Akayafuta, akaendelea.