Siku Sita za Kaimu Rais

Historia ya taifa, ikiandikwa na watu wenye huruma, itampa Spika mistari miwili: Rais alifariki, Spika akakaimu siku sita, akatoka. Kabla ya hapo alikuwa amesinzia kwenye kiti cha Bunge miaka kumi na tisa bila kukoroma, na hiyo nayo ni kazi.

Siku ya kwanza katibu alimwekea faili mezani. Ulikuwa msamaha wa shemeji yake, mume wa dada yake, mwalimu aliyefungwa miaka mitatu kwa kumwigiza Rais mbele ya darasa. Wanasheria walishaupitisha. Ilibaki sahihi tu.

"Kesho," alisema Kaimu Rais. "Kwanza picha."

Alitaka kutia sahihi akiwa chini ya picha yake rasmi. Mpiga picha alikuja mara tatu. Mara ya kwanza tai ilipinda. Mara ya pili mheshimiwa alifumba macho, mazoea yana taabu. Mara ya tatu alipendeza, ila rangi ya fremu ilikuwa haijakauka. Siku ya sita, fundi akiwa juu ya ngazi na msumari mdomoni, Rais mpya aliapishwa, akatangaza kwamba hatamsamehe mtu.

Jioni hiyo Spika alimkuta dada yake sebuleni, anapiga pasi suruali ya mumewe.

"Karibu, mheshimiwa. Anatoka saa ngapi?"

"Dada, mambo ya serikali yana mlolongo."

"Mlolongo gani? Si wewe ndiye uliyekuwa na kalamu?"

Akatazama zulia.

"Siku sita, mdogo wangu. Ulikuwa unafanya nini?"

Mtu wa bungeni hakosi maneno. Siku hiyo aliyakosa, akabaki na ukweli.

"Nilikuwa napigwa picha."

Dada akachomoa pasi, akaikunja suruali taratibu, kama vile mwenyewe yumo ndani.

"Kesho ni siku ya kuwaona wafungwa. Nenda ukamwambie hivyohivyo. Mlolongo wako uache hapa."

Asubuhi alipanga foleni gerezani nyuma ya akina mama wenye vikapu. Askari akamtambua, akaanza saluti, akaishia njiani.

"Mzee, pita mbele."

"Acha tu, nitasubiri."

Watu wakamsifu kwa unyenyekevu. Kumbe alikuwa anaomba foleni isiishe.

Ikaisha. Upande wa pili wa nondo akatokea shemeji yake, amenyoa ndevu, kifurushi cha nguo kwapani, keshawaaga wenzake.