Mafuta ya Kivumbasi

Mvuke ulianza kulia ndani ya pipa, na Generoza akamwaga ndoo nyingine ya maji juu ya bomba ili lipoe. Mgongo ulikuwa unamwaka. Alfajiri alipanda mlimani hadi kwenye kiwanja chao cha zamani, walikotolewa serikali ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya wakati wa Operesheni Vijiji, akafyeka kivumbasi kilichoota ndani ya kuta zisizo na paa. Kilikuwa kimefunika hata mafiga yake. Akateremka na mzigo kichwani hadi kijiji kipya, karibu na Msowero.

"Cha bondeni hakina nguvu," alikuwa amemwambia Ndugu Oswald, mtafiti kutoka Dar es Salaam. "Mmea ni uleule, ila mafuta yake hayafanani. Cha mlimani ndicho kinachoua vijidudu."

Sasa mafuta yalidondoka, tone kwa tone. Mzigo mzima, na hayakufunika hata kitako cha chupa.

"Niachie kidogo," Generoza alisema. "Nimpake mume wangu mguuni."

Oswald akasita. "Mama, nimeyajaribu kwenye visahani vya maabara tu. Kwenye mwili wa mtu yanaweza kuunguza."

"Nimechoka kukiosha kile kidonda. Naosha, kinanuka. Naosha, kinanuka. Zahanati haina hata bandeji. Kama yanaua, yaue."

Oswald akaziba chupa, akamfuata nyumbani. Makarius, mumewe, alikuwa kitandani, uso ameuelekeza ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu bila kugeuka.

Oswald alifunua kitambaa, akatazama, akakirudisha taratibu.

"Kimefika kwenye mfupa. Mafuta yangu hayafui dafu hapa. Mzee aende hospitali leo hii."

"Aende na nini?" Generoza aliuliza.

Oswald alitoka, akaanza kushusha magunia ya majani kutoka kwenye Landrova yake, kazi yao ya wiki nzima, akayaacha juani.

Wakamlaza Makarius nyuma. Alimshika mkewe mkono.

"Wataukata?"

"Sijui, baba. Kesho nitakuja hospitalini Kilosa na nguo zako."

Gari likaondoka polepole, likikwepa mashimo. Generoza akarudi ndani, akaondoa shuka chafu. Tangu masika alikuwa akilala mkekani, asije akaugusa ule mguu. Akajilaza katikati ya kitanda, akanyoosha miguu yake yote miwili, mpaka nyayo zikagusa mbao za mwisho.