Kichupa cha Mwisho cha Luhaga

Andiko lililompa Rebeka Shigela jina lilikuwa fupi, lakini watafiti wa ugonjwa wa selimundu duniani kote walilinukuu. Kila liliponukuliwa, simu yake ilitoa mlio, na wenzake pale maabara, Ilemela, wakamtania: "Daktari, umetajwa tena!" Rebeka alicheka nao. Hakuwaambia kwamba kila mlio ulimletea akilini mdogo wake, Luhaga, ameketi kwenye benchi la nje huku ameshika nyonga, kama alivyozoea kumngojea enzi za uhai wake.

Kazi yake ilikuwa hesabu za vinasaba. Alilinganisha damu za maelfu ya watu ili ajue kwa nini selimundu humuua mtoto huyu mapema na kumwacha yule akakua. Katika damu zote za kanda ya ziwa, ya Luhaga ndiyo iliyofungua njia. Ilikuwa na badiliko adimu lililopunguza makali ya ugonjwa. Alijitolea mwenyewe, akanyoosha mkono na kusema, "Chota, dada, usinionee huruma." Lakini makali yaliyopunguzwa bado ni makali. Luhaga alikufa kabla andiko halijatoka.

Siku moja Gladness, msimamizi wa maabara, alimletea habari. Watafiti wa ng'ambo waliomba kichupa cha mwisho cha damu ya Luhaga, kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye friza. Walitaka kuziotesha chembe zake hai, zizaliane pasipo kikomo, watafutie dawa humo.

"Jina lako litatangulia kwenye andiko lao," Gladness alisema. "Kinachotakiwa ni ridhaa ya familia tu."

Rebeka akavuka ziwa kwenda Sengerema. Alimkuta mama yake, Sabina, uani akianika michembe ya viazi vitamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Rebeka alikaa, akamweleza taratibu. Mkono wa mama ulisita juu ya ungo.

"Kumbe damu yake bado ipo?"

"Ipo, mama. Imegandishwa."

"Ni hai?"

"Ikitolewa kwenye baridi, itaamka."

Sabina akauweka ungo chini. "Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Hunijia alfajiri. Anasimama mlangoni, haingii. Namwambia, karibu, baba. Ananijibu, mama, nasikia baridi. Nilidhani ni udongo wa kaburi. Kumbe mmemweka kwenye barafu."

Vinyweleo vilimsimama Rebeka. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kumtajia mama yake habari za friza.

"Itasaidia watoto wengi, mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamwia ngeni.

"Najua. Naye alikuwa na moyo wa kutoa." Sabina alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe ndiye uliyesoma. Hebu niambie kweli: wasipokipata, watashindwa?"

Rebeka alitamani kusema ndiyo. "Hawatashindwa. Watachelewa."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

Mama aliutazama mlango wa nyumba.

"Basi wachelewe," alisema. "Mimi nimechoka kumwacha mwanangu nje."

Rebeka aliwajibu watafiti wale kwamba familia imekataa. Gladness hakumsemesha wiki nzima. Kamati ya maabara ilipokubali kichupa kirudishwe kwa familia, chembe ziliuawa kwa joto kama sheria zinavyotaka, na Rebeka akakipeleka kichupa Sengerema. Yeye na mama yake walikizika kando ya kaburi la Luhaga, wawili peke yao. Sabina aliufukia udongo kwa mikono, akaupapasa kama anayembembeleza mtoto alale. Tangu siku hiyo, alfajiri zake zilikuwa tulivu.

Rebeka hakupata utulivu huo. Mwezi uliofuata alikwenda kliniki moja ya selimundu mjini Mwanza kukusanya takwimu. Kwenye mkeka alilala binti mdogo aliyekuwa akilia kwa maumivu ya mifupa, mama yake akimkanda kwa kitambaa cha moto.

"Daktari," yule mama alimuuliza, "wanasema mnatafuta dawa. Iko karibu?"

Rebeka aliweka chini daftari lake la takwimu. Akapiga magoti, akaupokea mguu mmoja wa mtoto, akaanza kuukanda.