Karoti za Mkunga

Tangu siku aliyokanyaga reki na mpini ukamgonga kwenye paji la uso, Fundi alijua kwamba binti yake anamtafutia sababu.

"Baba," binti alimwambia akimkanda uvimbe kwa maji ya moto, "nikisikia jambo jingine moja tu, kile kipande chako cha bustani nakirudisha kwa kamati. Utakaa nyumbani usikilize redio."

"Redio nasikiliza hukohuko bustanini."

"Macho yanaona kweli?"

"Kama ya mwewe."

Uongo mtupu. Macho ya Fundi yalikuwa yameishia kwenye matundu ya sindano, miaka na miaka ya kushona nguo za watu. Sasa watu aliwatambua kwa mwendo na sauti. Lakini nyumbani alikuwa babu wa kusogezewa kiti, wakati kule bustani ya mtaa, iliyogawanywa vipande nyuma ya matangi ya maji, bado aliitwa Fundi na kuombwa msaada. Kwa hiyo alijikaza kisabuni.

Bustanini palikuwa na desturi: anayesafiri humkabidhi jirani kipande chake, na jirani hakatai. Jirani wa Fundi alikuwa Mkunga, mstaafu mwenye mdomo wake, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuwasema watu kama vile bado amewashika miguu, vichwa chini. Fundi alimwita shemeji, kwa kuwa alikuwa shoga wa marehemu mkewe. Mkunga alipouguliwa na dada yake, alikuja kuaga.

"Shemeji, nakuachia watoto. Karoti zangu ndiyo kwanza zinachungulia. Palilia, nywesha, basi."

"Nenda salama. Ukirudi hutazijua."

Fundi alijituma kweli. Kila asubuhi alipiga magoti kwenye tuta la Mkunga, akapapasa. Vijani vyembamba kama nyuzi aliving'oa, maana aliona ni nyasi. Mimea ya majani mapana, yenye siha, aliiacha, akainywesha. Ilipoanza kurefuka aliichomekea vijiti na kuifunga kamba isilale. Waliopita walimpa pole na kazi, wakaendelea na mambo yao. Nani angekagua kazi ya Fundi?

Mkunga alirudi siku ya mapumziko. Fundi alimsikia akifungua lango, akitaniana na huyu na yule, kisha akasimama karibu naye.

"Shemeji, karoti ziko wapi?"

"Si hizo hapo? Tazama zilivyonawiri."

"Haya ni magugu! Umenilelea magugu, shemeji. Na mikongojo umeyapa!"

Fundi aliinama, akavuta jani mpaka puani. Aliona ukijani tu.

"Kwa hiyo zile nyuzi..."

"Ndizo zilikuwa karoti."

Mkunga alicheka mpaka akajishika kiuno. Halafu alimtazama usoni, kicheko kikakatika.

"Huoni tangu lini?"

"Muda sasa. Binti yangu akijua leo, kesho kipande kina mtu mwingine."

Lango likalia tena. Alikuwa binti mwenyewe, amekuja kumchukua baba yake.

"Shikamoo, mama. Umerudi? Mbona tuta lako halina karoti?"

"Marahaba, mwanangu. Kuku," Mkunga alijibu papo hapo. "Wameparua zote. Kuku wa siku hizi hawana adabu."

Ulikuwa uongo mzuri, umeshashonwa na kupigwa pasi. Kazi ya Fundi ilikuwa kuuvaa tu. Alifungua kinywa aitikie. Lakini kesho kuku watasingiziwa nyanya, keshokutwa maboga, na bustani nzima haina mwenye kuku.

"Hakuna kuku hapa," alisema. "Ni mimi. Nimezing'oa kwa mkono wangu. Sioni, mwanangu. Nilikuficha kwa sababu ungenirudisha nyumbani."

Binti alichuchumaa kwenye tuta, akagusa kijiti kimoja, kisha cha pili.

"Na haya je?"

"Hao ndio wanawe wa kulea," Mkunga alisema.

"Baba! Umeyafunga na kamba?"

"Fundo la kishonaji. Halifunguki hilo."

Binti alijitahidi asicheke, akashindwa. Alipomaliza alijifuta macho kwa kiganja.

"Jumatatu tunakwenda kwa daktari wa macho. Usinibishie."

"Sibishi."

"Na hiki kipande..." Alisita. Fundi alisimama wima kama mtu anayepimwa suti. "Miche usiguse. Mambo ya miche nitakuja mimi kila Jumamosi."

"Wewe?" Mkunga alidakia. "Unaijua karoti ikiwa changa?"

"Siijui."

"Nimepatikana! Mmoja haoni, mwingine hajui."

Binti alivua viatu, akakunja sketi, akaingia kwenye tuta. Fundi naye alipiga magoti upande wa pili, akishika vijiti avichomoe.

"Hili ning'oe, mama?"

"Ng'oa."

"Na hili?"

"Hicho ni kidole cha baba yako, kiache."

Fundi alinyanyuka akicheka, akaenda kuuburuta mpira wa maji.

"Ninyweshe wapi?"

"Kwenye maboga," binti aliita bila kuinua kichwa. "Sogea kushoto. Kidogo tena. Hapo hapo, baba, fungulia."

Fundi akafungulia.