Risasi za Marlys Tveit

Punje za baruti zilizomwagika juu ya karatasi zilikuwa za mviringo. Harlan Sather akasogeza taa, akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena. Bado zilikuwa za mviringo. Zilipaswa kuwa vijiti vyembamba.

Zilikuwa zimebaki risasi tatu tu za bunduki ya Marlys, zile ambazo Harlan alizitia doa la rangi nyekundu ya kucha chini ya ganda ili zisichanganyike na nyingine. Akaigonga ya pili kwa nyundo ya plastiki ya kuchomolea vichwa vya risasi mpaka kichwa kikachomoka. Mviringo tena. Ya tatu hakuigonga. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, na ishirini za aina hiyo Marlys alikuwa amezichukua tangu Alhamisi.

Marlys Tveit na mumewe Curt walikuwa na bunduki mbili ambazo mgeni asingeweza kuzitofautisha. Zote zilikuwa za wenzo, zile za kusukuma chuma cha chini mbele na kukirudisha ndipo risasi ipande, zote na mtutu wa pembe nane. Ya Marlys ilitengenezwa mwaka 1888, enzi za baruti nyeusi, ikamfikia kutoka kwa babu yake. Ya Curt ilitoka Italia miaka sita iliyopita, imeigwa ile ile mpaka skrubu ya mwisho, ila chuma chake ni cha leo, na nyuma kina kitufe cha usalama ambacho Marlys hakuchoka kukicheka. Alidai kiliwekwa kwa ajili ya waume za watu. Curt naye humjibu kwamba ile yake inafaa kutundikwa ukutani pamoja na babu mwenyewe.

Wakimwita Harlan aamue, alikuwa mwamuzi mgumu. Wenzo wa ile kongwe huteleza wenyewe, umelainishwa na mikono mitatu ya ukoo mmoja. Huo mpya bado unakwaruza. Lakini mtutu wa Curt unastahimili baruti kali na ule wa Marlys haustahimili. Ya kale ni dhahabu, watu husema, nayo dhahabu ni laini. Ndiyo maana Harlan, aliyekuwa akijaza risasi kwa mkono kwa miaka arobaini, aliwajazia za aina mbili, na kanuni yake ilikuwa moja: kopo moja tu la baruti mezani, jingine likae rafuni.

Jumatano simu ililia. Ilikuwa hospitali ikimkumbusha, kwa mara ya tatu, habari ya mtoto wa jicho. Aliwaahidi kwenda baada ya msimu, akarudi kwenye kibanda chake cha kujazia risasi amenuna, akachukua kopo. Sasa alijua ni lipi: lile la baruti kali ya Curt.

Akampigia Marlys. Simu haikuita. Akampigia Curt, vilevile. Kule juu mlimani wanakowinda simu hazishiki. Akaingia kwenye pikapu na viatu vya ndani.

Barabara ilikuwa na theluji ya usiku, na alikuwa akiendesha kwa kukisia zaidi kuliko kuona. Aliogopa, na hofu yenyewe ilikuwa na sura. Aliwahi kuiona bunduki iliyopasuka, chuma kimefunguka karibu na pale shavu linapoegemea, na mwenye bunduki hiyo tangu hapo huwaomba watu wakae upande wake wa kushoto, wenye jicho lililobaki. Na Harlan alimjua Marlys tangu akiwa mtoto wa kukalia mapipa ya baruti akila peremende.

Kwenye daraja la mwisho akasikia mlio mmoja. Akasimamisha gari, akafungua dirisha, akangoja wa pili. Mlengaji hodari hufyatua mara moja. Bunduki inayopasuka nayo hulia mara moja tu. Akakanyaga mafuta.

Aliwakuta juu ya kilima, Curt amelala kifudifudi na darubini, Marlys ameketi kwenye gogo akinywa kahawa, bunduki magotini, uso mzima. Mlio ule ulikuwa wa watu wa bonde la pili. Harlan akawafikia akihema. Akanyoosha mkono kuelekea bunduki.

"Kaa kwanza," Marlys alisema. "Utatangulia kufa wewe kabla ya kulungu."

"Toa risasi. Nimekosea baruti."

Marlys akamtazama mumewe, kisha akasukuma wenzo. Risasi ikaruka, ikatua thelujini. Harlan akaiokota na kuisogeza karibu na jicho. Haikuwa na doa. Ilikuwa na chapa ya kiwandani.

"Hii si yangu."

"Si yako."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Siku ile uliponimiminia kahawa nje ya kikombe ukaniambia ninywe." Akaweka kikombe chini. "Zako ziko kabatini, Harlan. Zote. Hakuna aliyezigusa."

"Na bado mlikuwa mkija kuzichukua."

"Kila Oktoba unapiga simu kuuliza tunataka ngapi. Ulitaka nikujibu nini?"

Kwanza Harlan alifurahi, furaha tupu ya mtu aliyekuta nyumba haijaungua. Kisha aibu ikamshika, nayo ilimchoma zaidi. Waliacha kumwamini, na hakuwa na la kuwalaumu.

Curt akainua kiganja. Kulungu dume alikuwa ametoka kwenye misonobari, pembe zake zimebeba theluji. Marlys akaichukua ile risasi mkononi mwa Harlan, akairudisha mahali pake, akaegemeza shavu kwenye kitako cha bunduki. Harlan alijua kwamba risasi hiyo si kazi ya mkono wake. Hata hivyo akafunika uso kwa mkono.

Bunduki ililia mlio wake wa siku zote. Wenzo ukateleza, ganda tupu likaanguka thelujini kwa mlio wa kaa la moto linalozimwa. Harlan akaliokota na kulitia mfukoni, kwa mazoea ya miaka arobaini ya kuokota maganda na kwenda kuyajaza upya. Alipiga hatua mbili. Kisha akalitoa, kwa kuwa hatajaza tena, akamnyooshea Marlys. Likakaa pale kiganjani, bado lina vuguvugu, na Marlys hakulipokea.