Shauri la Filta ya Mkurugenzi

Fundi saa alipofariki aliacha meza moja, vibano kumi na kimoja, na samaki mwekundu wa mapambo, aina ya beta, aliyempa jina la Mkurugenzi, kwa sababu samaki huyo hakuwa na kazi yoyote na kila alipojiona kwenye kioo alikasirika. Tangi lake lilikuwa dogo, lita kumi tu, halina filta ya kusafisha maji. Kila Jumamosi fundi aliyapunguza maji kwa kikombe, akatia mengine yaliyolala kwenye ndoo tangu jana yake. Sasa kazi hiyo aliifanya mjane wake, mshonaji, na alipoifanya aliongea na marehemu kimoyomoyo. Hakumwambia mtu.

Ndipo shemeji yake, fundi bomba, alipokuja na hoja kwamba tangi bila filta ni sawa na choo bila bomba.

"Weka filta, shemeji, upumzike. Hutagusa maji tena."

Mshonaji alikitazama kile kikombe cha Jumamosi. Mashine ikiichukua Jumamosi, yeye atabaki na nini? Lakini je, kama samaki anateseka kwa ajili yake? Akanyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo, na wifi yake, aliyefuatana na fundi bomba, aliusikia mshindo huo kama ombi la kufungua kesi.

Wifi alikuwa karani wa mahakama mwaka wa ishirini na sita, na hata sukari ikiisha kwake alifungua jalada. Alisogeza cherehani, akaweka daftari.

"Jina la mhusika?"

"Mkurugenzi," alisema mshonaji.

"Umri?"

"Mwaka na nusu hivi."

"Dada, huyo ni samaki," alisema fundi bomba.

"Subiri zamu yako, au nikutoe nje."

Zamu ilipofika, fundi bomba alitoa kielelezo: pampu iliyowahi kurusha maji kwenye bustani ya hoteli. Akaizamisha tangini, akaichomeka kwenye umeme. Mkurugenzi akaondoka pale alipokuwa bila kuaga. Alizunguka kama soksi kwenye mashine ya kufulia, mapezi yamemfunika uso, akapita mara ya nne, akapita ya tano.

"Anafanya mazoezi," alisema fundi bomba.

Wifi aliandika huku akijisomea: "Mhusika amepinga kwa mwili mzima."

Mshonaji akachomoa waya. Samaki alipanda juu, akavuta hewa, akawatazama wote watatu kama watu wasiofunzwa adabu kwao.

"Uamuzi," alisema wifi. "Iwekwe filta ndogo ya sponji, ya kutoa mapovu, isiyosukuma maji. Kuna pingamizi?"

Mshonaji aliuliza, "Na maji ya Jumamosi? Ndiyo basi tena?"

Fundi bomba alijikuna kisogo. "Kusema kweli, shemeji, utabadilisha tu. Filta inasaidia, lakini haimalizi uchafu wote."

"Si ulisema sitagusa maji tena?"

"Aa, hiyo ni lugha ya kumshawishi mteja."

Mshonaji alivuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza tangu wafike.

"Basi iwekwe," alisema.

Wifi aliandika, akafunga daftari, lakini hakuinuka. Alimtazama samaki, kisha akauliza kwa sauti isiyo ya mahakamani, "Jumamosi hii naweza kuja?"

"Njoo, wifi. Ila huwa hatuongei kwa sauti."